Je, figo ndogo ni urithi wa ukoo, na je, udogo huo ni mwanzo wa ugonjwa?

BintiPangani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, natumaini nyote ni wazima. Mwezi uliopita nilipimwa kwa altrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo, ambayo baadaye yalibainika kuwa yanatokana na mawe katika mfuko wa nyongo. Hata hivyo, katika karatasi ya majibu palikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nimelifuata pale: figo yangu ya kulia ina urefu wa sentimita 8.9, ya kushoto sentimita 9.3, na mbele ya tarakimu hizo yameandikwa maneno "ndogo kiasi". Daktari alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nina umri wa miaka 38 na kimo cha sentimita 152. Sina kisukari, na presha yangu siku ile ilikuwa 128 kwa 82. Kinachonikosesha usingizi ni habari za ukoo wetu. Marehemu mama yangu alisafishwa damu kwa miaka miwili kabla ya kufariki, na alipopimwa waliandika kwamba figo zake zimekuwa ndogo mno. Mama mdogo, ambaye ana presha ya siku nyingi, naye ameambiwa hivyo hivyo mwaka huu. Wazee wetu husema "figo ndogo ni za kwetu" kama vile watu wengine wanavyosema juu ya pua au kipara. Kaka yangu peke yake ndiye mwenye figo za sentimita 11, naye ni mrefu kuliko sisi sote.

Nimesoma kwamba wataalamu wa vinasaba wanachunguza uhusiano kati ya ukubwa wa figo na afya yake, lakini maelezo niliyoyapata yalikuwa mazito. Ninaomba mwenye elimu anieleze: je, ukubwa wa figo hurithiwa? Na aliyerithi figo ndogo, amerithi pia ugonjwa, au ni ugonjwa ndio unaozipunguza figo na sisi tunaona matokeo yake tu? Nina binti wa miaka 12, na swali hili ni lake kuliko langu.

MionziMoshi alijibu:

Dada BintiPangani, pole kwa wasiwasi. Nimefanya kazi ya kupiga picha za altrasaundi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu upande wa kipimo tu na kuwaachia wengine vinasaba.

Figo ya mtu mzima kwa kawaida huwa na urefu wa kati ya sentimita 10 na 12, na ya kushoto huwa ndefu kidogo kuliko ya kulia, kama zilivyo zako. Lakini wastani huo umejumuisha wanaume warefu na wanawake wafupi pamoja. Mwanamke wa sentimita 152 hatarajiwi kuwa na figo za kaka yake mrefu, na sentimita 9.3 kwa kimo chako haishangazi. Zaidi ya hayo, figo imelala kimshazari mgongoni, na mpimaji akiikata kwa pembe isiyo sahihi ataipata fupi kuliko ilivyo. Wapimaji wawili wazoefu wanaweza kutofautiana hata kwa sentimita moja juu ya figo hiyo hiyo.

Rudi kwenye karatasi yako uangalie kama wameandika juu ya unene wa gamba la nje la figo na mng'ao wake. Figo iliyopungua kwa ugonjwa mara nyingi huwa na gamba jembamba na huonekana nyeupe kuliko ini lililo jirani yake. Figo iliyo ndogo kwa maumbile tu huwa na gamba zuri na kingo laini, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mchujio alijibu:

MionziMoshi amesafisha njia, nami nitajaribu kuingia ndani. Nilisomea baiolojia ya vinasaba, si tabibu, kwa hiyo yachukuliwe haya kama maelezo ya namna mambo yanavyofanya kazi, wala si ushauri wa tiba.

Kila figo ina vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni. Kwa wastani husemwa kuwa ni milioni moja kwa kila figo, lakini wastani huo unaficha jambo kubwa, kwani walipohesabu nefroni katika figo za marehemu watafiti walikuta watu wenye nefroni takriban 200,000 katika figo moja na wengine wenye zaidi ya 2,000,000. Tofauti ya mara 10 kati ya watu wawili wanaotembea barabara moja! Nefroni hizi hutengenezwa tumboni mwa mama, na kazi hiyo hukoma karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo mtu haongezewi hata moja. Figo ya mtoto hukua kwa sababu nefroni alizo nazo zinanenepa na kurefuka, si kwa sababu zimezidi idadi.

Hapo ndipo ukubwa na afya vinapokutana. Mwaka 1988 Barry Brenner na wenzake nchini Marekani walitoa hoja kwamba mtu aliyezaliwa na nefroni chache huzilazimisha kila moja kuchuja zaidi, na kwamba mzigo huo, ukibebwa kwa miongo kadhaa, hupandisha presha na kuzichosha nefroni zenyewe. Mwaka 2003 watafiti nchini Ujerumani walizichunguza figo za watu waliofariki katika ajali. Waliokuwa na shinikizo la damu walikuwa na nefroni zipatazo 700,000 kwa kila figo, ilhali wenzao wa umri na kimo kilekile wasio na presha walikuwa na zipatazo 1,400,000. Walikuwa watu 10 kila upande, idadi ndogo, lakini tofauti ilikuwa kubwa mno kuipuuza.

Sasa, je, hurithiwa? Ndiyo, kwa sehemu. Ziko jeni zinazoamuru jinsi figo inavyochipuka katika mimba, na mbili zinazojulikana sana ni PAX2 na RET. Jeni moja kati ya hizo ikiharibika kabisa, mtoto anaweza kuzaliwa na figo zisizokamilika au asiwe na figo kabisa. Kinachohusu swali lako zaidi ni tofauti ndogo za kawaida katika jeni hizo hizo, ambazo watu wengi wenye afya wanazibeba bila kujua. Watafiti wa Montreal waliopima watoto wachanga walikuta kwamba wenye aina fulani ya kawaida ya PAX2 walikuwa na figo ndogo kwa karibu asilimia 10, na wakaona jambo linalokaribiana na hilo katika RET. Hao si wagonjwa. Wameanza tu safari na akiba pungufu kidogo.

Kuhusu swali la kipi kilitangulia, udogo au ugonjwa, hilo ndilo gumu, na kwa muda mrefu halikuwa na jibu zuri, kwa sababu ukimpima mgonjwa leo na kuikuta figo yake ndogo huwezi kujua alizaliwa nayo hivyo au imesinyaa. Vinasaba vimetoa njia ya kulizunguka tatizo hili. Karata hugawanywa kabla mchezo haujaanza: jeni unazozipata kwa baba na mama hupangwa siku mimba inapotungwa, na ugonjwa utakaoupata ukiwa na miaka 50 hauwezi kurudi nyuma kuzibadilisha. Kwa hiyo watafiti huchukua picha za MRI za maelfu ya watu, hasa zile za UK Biobank, hazina ya takwimu za afya ya Uingereza, iliyoandikisha watu 500,000 kati ya mwaka 2006 na 2010, wakatafuta mahali kwenye vinasaba panapoendana na figo kubwa au ndogo, kisha wakauliza kama waliogawiwa karata za figo kubwa ndio pia wenye uchujaji mzuri. Kwa ujumla mwelekeo ni huo: karata za figo kubwa huendana na uchujaji bora. Lakini njia nyingine nayo ipo wazi, kwani ugonjwa sugu husinyaza figo. Barabara hii inapitika pande zote mbili.

Lazima pia tuondoe athari ya kimo kabla ya kusema lolote, maana jeni nyingi zinazofanya figo iwe kubwa ni zile zile zinazomfanya mwenye nazo awe mrefu. Kaka yako ni mfano ulio mlangoni kwenu.

BabaWatatu alijibu:

Nimeyasoma maelezo ya Mchujio kwa makini na ninayaheshimu, lakini yananitatiza. Katika familia yetu, wanaoumwa figo ndio wenye figo kubwa. Baba yangu figo zake zilifika urefu wa sentimita 21 hadi tumbo likaonekana limevimba, na mimi mwenyewe nina sentimita 16 upande mmoja na 17 upande mwingine, zote zimejaa vifuko vya maji. Kama jeni za figo kubwa ni karata nzuri, mbona sisi tumepewa karata nzuri na bado tunateketea?

Mchujio alijibu:

Baba, shikamoo. Swali lako limegusa mahali ambapo hata makala nyingi za kitaalamu huteleza, na nilikosea kutolitaja mapema.

Neno "kubwa" linabeba vitu viwili. Figo inaweza kuwa kubwa kwa sababu imejaa nefroni, na inaweza kuwa kubwa kwa sababu imejaa kitu kisicho nefroni. Ugonjwa ulioueleza kwa kawaida hutokana na hitilafu katika jeni PKD1, iliyo kwenye kromosomu ya 16, au PKD2, iliyo kwenye kromosomu ya 4. Vifuko vya maji huanza kuota katika mirija ya nefroni, vikakua mwaka baada ya mwaka na kuzibana zilizo jirani. Figo mbili za mtu mzima mwenye afya zikiwekwa pamoja hujaza kati ya mililita 300 na 400, lakini kwa mwenye ugonjwa huu zinaweza kufika lita kadhaa. Wakati huo huo kipimo cha kreatinini, yaani taka ya kwenye damu inayoonyesha jinsi figo zinavyochuja, kinaweza kubaki kizuri kwa miaka mingi, kwa sababu nefroni zilizosalia hufanya kazi ya zile zilizokwisha kubanwa. Ndiyo maana kwa ugonjwa wenu, ujazo wa figo ukilinganishwa na umri na kimo humwambia daktari kuhusu miaka ijayo mambo ambayo damu ya leo haimwambii, na ndiyo sababu nchi kadhaa hutumia kipimo hicho kuamua nani aanzishiwe dawa ya tolvaptan. Kwenu, kukua kwa figo ni ugonjwa wenyewe.

Na si kwenu tu. Figo ya mwenye kisukari mara nyingi huvimba katika miaka ya mwanzo kwa kuchuja kupita kiasi, kabla ya kuanza kuchoka. Figo ya mwenye ugonjwa wa seli mundu pia huwa kubwa mapema, na hilo linatuhusu sana kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Kichocho cha mkojo kikiacha makovu yanayoziba njia, mkojo hurudi nyuma na figo hutanuka kama puto, na hapo hakuna jeni hata moja ya kulaumiwa.

Kuna pia ukubwa usio na lawama yoyote. Aliyetoa figo moja kumpa ndugu yake hubaki na nyingine ambayo hunenepa na kufikia takriban asilimia 70 ya uchujaji wa zile mbili za awali, ingawa haikuongeza nefroni hata moja.

Kwa hiyo katika tafiti za ukubwa wa kawaida, watu wenye vifuko vingi hutengwa kwanza. Wasipotengwa, mtu mmoja wa aina ya baba yako angeweza kuvuruga hesabu ya watu wengi.

BabaWatatu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimeelewa. Nina watoto watatu, na nimeambiwa kwamba kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kurithi. Nitaomba wapimwe nikishazungumza nao, maana mkubwa anatafuta kazi na anaogopa karatasi hiyo kumfuata.

BintiPangani alijibu:

Nawashukuru sana. Karatasi yangu inasema gamba ni la unene wa kawaida na mng'ao ni wa kawaida, kwa hiyo nimepumua kidogo.

Nilimpigia mama mdogo simu jana na amenieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Mimi nilizaliwa wa miezi saba, nikiwa na kilo 1.6, kwa sababu mama alipata presha na uvimbe wa miguu katika mimba hadi akapelekwa kuzalishwa haraka. Kaka yangu alikuwa mimba ya kwanza na alizaliwa salama kwa miezi tisa. Je, jambo hili linabadilisha chochote katika yale mliyoyaeleza, au ninatafuta pa kujifariji?

Mchujio alijibu:

Linabadilisha karibu kila kitu, dada, na ninajilaumu kwa kutokuuliza.

Mtoto aliyezaliwa wa miezi saba ametoka tumboni kabla ya wiki ya 36, yaani kabla utengenezaji wa nefroni haujamalizika. Huendelea kwa wiki chache nje ya tumbo, lakini si kwa ubora ule ule. Uzito wa kuzaliwa pekee tayari ni kiashiria: hesabu zilizofanywa Marekani zilionyesha kwamba kila kilo moja ya ziada wakati wa kuzaliwa iliendana na nefroni zipatazo 250,000 zaidi katika kila figo. Kwa hiyo figo zako zinaweza kuwa ndogo kuliko za kaka yako hata kama nyote mngekuwa mmepewa jeni zilezile. Hapa kwetu Afrika Mashariki ninaona jambo hili halisemwi vya kutosha. Malaria katika ujauzito, lishe duni ya mama na presha ya mimba hupunguza uzito wa watoto, na mtoto hulipa deni hilo akiwa mtu mzima, kisha familia inasema ni damu ya ukoo.

Tazama pia upande wa mama yako. Presha aliyoipata inaonekana kuwa ile inayotangulia kifafa cha mimba, na utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wanawake waliopata hali hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa mara kadhaa wa kufikia kusafishwa damu baadaye maishani. Tukio moja, yaani ile mimba yako, linaweza kuwa limeacha alama kwake na kwako pia, bila jeni yoyote kupita kati yenu. Na figo zake zilipimwa wakati tayari anasafishwa damu, wakati ambao figo za karibu kila mgonjwa huwa zimesinyaa. Kipimo hicho hakiwezi kutueleza alizaliwa na figo za ukubwa gani.

Sisemi kwamba vinasaba havimo. Mfano mzuri wa vinasaba vyenye nguvu ni jeni APOL1, iliyogunduliwa mwaka 2010. Aina zake mbili humkinga mtu dhidi ya vimelea vya malale, lakini anayerithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, huwa na hatari kubwa ya ugonjwa wa figo. Cha ajabu ni kwamba aina hizo zimeenea zaidi Afrika Magharibi, ilhali kimelea ambacho moja kati yake inakipiga vizuri zaidi ni kile cha malale ya upande wetu wa Mashariki. Na hata huko Marekani, ambako karibu asilimia 13 ya watu wenye asili ya Afrika wana nakala mbili, walio wengi hawaugui. Jeni hiyo huidhuru figo bila kwanza kuifanya ndogo. Udogo huja mwishoni, baada ya makovu.

Ushauri wangu wa kibinafsi ni kwamba usiendelee kuhesabu sentimita. Omba kupimwa kreatinini pamoja na albumini, aina ya protini, katika mkojo, kwa sababu figo yenye nefroni chache zinazoelemewa huanza kuvujisha protini mapema kabla uchujaji haujashuka. Presha ipimwe kila mwaka. Mweleze daktari kwamba ulizaliwa njiti. Hilo haliandikwi katika faili la mtu mzima, na wachache huulizwa.

MionziMoshi alijibu:

Ninaongeza neno moja. Kama mama mdogo ana picha au karatasi ya zamani, ya kabla ya presha kumwanza, itafutwe. Kipimo kimoja ni picha mnato. Vipimo viwili vilivyopishana miaka vinaonyesha mwendo, na mwendo ndio utakaosema kama alizaliwa na figo ndogo au zilisinyaa. Tofauti iwe zaidi ya sentimita moja, la sivyo itakuwa ni mikono ya wapimaji tu.

BintiPangani alijibu baada ya wiki tatu:

Ninarudi na majibu, kwa kuwa mlinipa muda wenu. Kreatinini yangu ni mikromoli 64 na albumini katika mkojo iko ndani ya kiwango cha kawaida. Daktari mpya aliandika "alizaliwa njiti" juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, akanitaka nirudi baada ya mwaka. Binti yangu alizaliwa kwa miezi tisa kamili, kilo 3.1. Presha yake ni ya kawaida, na daktari hakuona sababu ya kumpiga picha.

Mama mdogo alikuwa na karatasi ya mwaka 2009, aliyopimwa kwa ajili ya ujauzito wake wa mwisho, imehifadhiwa katika bahasha moja na hati ya shamba. Wakati huo figo yake ya kulia ilikuwa sentimita 10.7 na ya kushoto sentimita 11. Mwaka huu ni sentimita 8.8 na 9. Nimemsomea tarakimu hizo mara mbili. Amekubali kuanza tena dawa za presha ambazo alikuwa ameziacha tangu mwezi wa Ramadhani.